Ganzi, Nusukaputi na Uhai wa Mama Mzazi

Takwimu rasmi zinaonesha kwamba vifo vya akina mama vitokanavyo na uzazi nchini Tanzania vilipungua kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000, katika utafiti wa mwaka 2015/16, hadi 104 katika ule wa mwaka 2022. Tunamshukuru Mungu, na tunawashukuru wakunga na madaktari wetu. Hata hivyo, hapa Mkolani bado tunasikia maneno yanayoweza kugharimu uhai: kwamba sindano ya mgongoni humwachia mama kilema, hivyo ni heri alazwe usingizi kabisa au akatae upasuaji.

Wataalamu wanatufundisha vingine. Mama aliyechomwa ganzi ya mgongoni hubaki macho, akipumua mwenyewe. Katika nusukaputi hulala, na mara nyingi hulazimika kupitishiwa mpira kooni ili apumue. Kwa mjamzito kazi hiyo ni ngumu zaidi, na yaliyomo tumboni yaweza kupanda na kuingia mapafuni. Uchambuzi wa tafiti kutoka nchi za kipato cha chini na cha kati, uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la The Lancet Global Health, ulionesha kuwa uwezekano wa mama kufariki ulikuwa takriban mara tatu zaidi penye nusukaputi. Tuupime kwa haki: baadhi hupewa nusukaputi kwa kuwa tayari wako mahututi, na wapo ambao, kwa kuvuja damu nyingi, hiyo ndiyo njia ya kuwaokoa.

Ganzi nayo ina hatari zake. Shinikizo la damu laweza kushuka ghafla, na kichwa chaweza kuuma kwa siku kadhaa. Hayo hutibika, mradi yupo anayemwangalia mama. Maumivu ya mgongo nayo huwapata wengi baada ya kujifungua, hata wasiochomwa sindano. Kwa hiyo hatuna budi kuwauliza viongozi wetu, na sisi Kanisa tunaomiliki hospitali, ikiwemo Bugando hapa Mwanza: je, kila chumba cha upasuaji kina mtaalamu wa usingizi aliyefunzwa, oksijeni na vipimo?

Wapo pia waamini wanaodhani kuwa kupunguziwa uchungu ni kukwepa neno la Mungu katika Kitabu cha Mwanzo. Papa Pio XII alilijibu jambo hilo Januari 8, 1956: neno lile halimkatazi mama kutumia njia halali za kupunguza maumivu ya uzazi.

Tunawasihi basi akina mama wahudhurie kliniki mapema, waeleze maradhi na dawa wanazotumia, na wasifiche saa waliyokula mara ya mwisho. Akina baba, andaeni nauli na wachangia damu kabla ya siku kufika. Daktari anaposhauri upasuaji, ulizeni ni ganzi gani itakayotumika na kwa nini, kisha msimcheleweshe mama kwa kusubiri kikao cha ukoo.