Tarakilishi za shule zichunguzwe kabla ya kutupwa

Ni jambo la kusikitisha kuona tarakilishi zikirundikwa stoo katika shule za huku kwetu Sachangwan na kwingineko Nakuru, eti zimezeeka. Ukiuliza zina ugonjwa gani, utaambiwa kwamba huwaka vyema lakini mara tu baada ya kuwaka hulemaa: kishale hakisogei, faili hazifunguki, na kipindi cha dakika 40 humalizika wanafunzi wakitazama kioo.

Kwa maoni yangu, hukumu hiyo hutolewa kabla ya kesi kusikizwa. Sisi tunaoishi kando ya barabara kuu ya Nakuru kuelekea Eldoret huyaona malori yakiupanda mlima kwa mwendo wa kobe. Hakuna dereva anayesema injini imekufa kabla ya kuutazama mzigo.

Yafaa ieleweke kwamba tarakilishi inapowaka, programu nyingi hujiamsha zenyewe bila kuitwa, na zote huigombania diski kuu. Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka na mkono wa kusomea unaohama huku na huku; haiwezi kuzihudumia zote kwa pamoja. Kumbukumbu nayo ikijaa, mashine huazima nafasi katika diski hiyo hiyo, na foleni ikazidi kurefuka.

Uchunguzi wake hauhitaji fundi kutoka mjini. Katika mashine za Windows, mwanafunzi abonyeze vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ajionee ni kipi kilichofika asilimia 100: kichakataji, kumbukumbu au diski. Kisha azizuie programu zisizohitajika zisijiamshe, aiwashe mashine upya na kupima muda kwa saa. Akikuta programu mbili za kupambana na virusi, abakize moja. Abadilishe jambo moja kwa wakati mmoja, kama afanyavyo katika maabara ya kemia. La sivyo hatajua ni dawa ipi iliyoponya. Diski ikiendelea kulemewa, hapo ndipo shule inunue diski ya SSD, isiyo na sehemu zinazozunguka, au iongeze kumbukumbu. Gharama hiyo ni ndogo ikilinganishwa na bei ya mashine mpya.

Wapo watakaosema kwamba mashine hizo zimepitwa na wakati, hasa kwa vile kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma za kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Hoja hiyo ina uzito kwa mashine iliyounganishwa na intaneti. Hata hivyo, yapo matoleo mepesi ya Linux yanayopatikana bila malipo na yanayofaa mashine kuukuu.

Nawasihi walimu wa somo la tarakilishi wazitoe mashine hizo stoo na kuwakabidhi wanafunzi wazichunguze. Wakuu wa shule nao wasiidhinishe mashine yoyote itupwe kabla ya kusoma ripoti ya uchunguzi huo, hata kama imeandikwa na mwanafunzi.