Kabla ya kudai mafuvu, tuwajue bibi zetu

Bibi mzaa mama alikuwa na kawaida ya kunyunyiza unga wa mtama chini ya mti, kwao Mnacho, wilayani Ruangwa, huku akiwataja waliotangulia mmoja mmoja. Akifika kwa mmoja hakutaja jina. Alisema tu, "Na wewe mjomba, popote ulipo." Nilikuwa mdogo, nikadhani kasahau. Miaka baadaye mama akanieleza: huyo alikuwa kaka wa mama yake bibi. Alikwenda kwenye Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani, hakurudi, na hakuna aliyemzika.

Nimefundisha shule za msingi Nachingwea miaka 34. Sasa nimestaafu, nahangaika na mikorosho yangu Naipanga. Vita hivyo nilivifundisha kwa tarehe: Julai 1905 Nandete, Agosti mganga Kinjikitile kunyongwa Mohoro, na kuendelea hadi 1907. Waliokufa ni wengi, na wengi wao kwa njaa, baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto. Wajerumani walitaja 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa aliona ni 250,000 au zaidi. Niliandika namba hizo ubaoni kila mwaka, wala sikuwahi kuwaambia watoto kwamba mmoja wa hao ni wa kwetu. Haikunijia.

Kilichonirudisha kwake ni habari ya Septemba 2023 kutoka Berlin. Taasisi inayosimamia makumbusho ya huko ilitangaza kuwa imechunguza mafuvu 1,135 yaliyobebwa kutoka Afrika Mashariki enzi za ukoloni, mengi yakiwa yamekusanywa na daktari Felix von Luschan. Ya eneo la Rwanda ya leo yalikuwa 904, ya Tanzania 202, ya Kenya 22. Manane tu ndiyo yaliyokuwa na maelezo ya kutosha kuanza kutafuta jamaa walio hai. Vikalinganishwa vinasaba, yaani DNA. Fuvu moja, la mshauri wa Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Old Moshi, anayetajwa kama Akida, likaoana kabisa na mwanamume anayeishi leo. Mengine mawili yakakaribia mno kuoana na watu wa ukoo mmoja wa Kichaga.

Manane kati ya 1,135! Wengi waliisifu maabara. Mimi niliwasifu wazee wa Uchagani, waliojua baba wa babu yao alikuwa nani na alinyongwa na nani. Fuvu halijitaji. Vinasaba vyake ni maandishi yasiyo na msomaji mpaka apatikane mtu wa kulinganishwa naye, na mtu huyo hapatikani bila nasaba. Ndivyo wanavyofanya hata Marekani, ambako miili iliyokaa miaka mingi bila jina sasa inatambuliwa: binamu wa mbali alishapeleka mate yake kwenye kampuni ya nasaba, kisha wachunguzi hupanga ukoo tawi kwa tawi kwa kutumia vyeti vya vizazi, ndoa na vifo. Sisi hatuna makabati ya vyeti vya mwaka 1905. Tuna wazee, nao wanaondoka.

Sasa nije kwetu. Sisi Wamwera tulihesabu ukoo kwa mama. Mwenye sauti alikuwa mjomba, na mrithi wake alikuwa mpwa, si mwana. Kuna vinasaba ambavyo mama huwapa watoto wake wote, ila ni binti peke yake anayevipitisha mbele. Yule mjomba alikuwa navyo. Dada yake alimpa bibi, bibi akampa mama, mama akanipa mimi. Wanangu hawana, watoto wa dada yangu wanavyo. Kwa hiyo maabara ikitaka kumtafuta mjomba leo, itapita njia ileile ambayo wazee wangeipita kugawa urithi wake. Nilipolielewa hilo nilicheka peke yangu shambani.

Vinasaba hivyo havitoshi, maana wanaovichangia ni wengi. Vitasema huyu ni wa upande wa bibi yenu. Havitasema ni nani. Hapo panahitajika jina, na majina yetu tunayapeleka kwa baba: la kwangu, la baba, la babu. Cheti cha kuzaliwa humtaja mama, lakini mama yake mama hayumo. Niliwauliza wapwa zangu wanne jina la bibi yangu. Alilijua mmoja, kwa sababu ndiye aliyerithishwa jina hilo.

Sidai kwamba fuvu la mjomba liko Berlin. Huenda alianguka porini njia ya Liwale, na mifupa iliyolala miaka 120 kwenye ardhi ya joto kama yetu huenda isibakize vinasaba vingi. Lakini kati ya yale 202 wapo wasio na wa kuwaulizia. Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, akaomba radhi na kuahidi kusaidia kulitafuta fuvu la Songea Mbano, nduna wa Wangoni aliyenyongwa katika vita vile. Vizuri. Nduna ana wajukuu wanaojulikana. Mpiganaji wa Mnacho aliyekwenda na mkuki wake nani atamuulizia?

Hukohuko Berlin amesimama dinosaria tunayemwita mjusi wa Tendaguru, kutoka mkoa wetu huu wa Lindi, urefu wa zaidi ya mita 13. Alichimbwa kati ya 1909 na 1913, moshi wa vita ukiwa umetoka kutulia, na mifupa yake ilibebwa vichwani hadi pwani. Mjusi aliyekufa miaka milioni 150 iliyopita ana jina, na inajulikana anatoka wapi.

Najua pingamizi. Ukitaja DNA kijiweni, watu wanauliza nani kakataa mtoto. Wengine wanaogopa damu zao kuuzwa, na hofu hiyo si ya kijinga: Machi 2025 kampuni ya 23andMe ya Marekani, yenye vinasaba vya mamilioni ya watu, iliomba ulinzi wa kufilisika. Ndiyo maana sitaki mtu atume mate yake ng'ambo. Tuna Mkemia Mkuu wa Serikali, na tangu 2009 tuna sheria ya vinasaba vya binadamu. Serikali ije Lindi, Ruvuma na Mtwara, iombe ridhaa ya ukoo mbele ya wazee, sampuli zikae nchini, na Wajerumani walete za mafuvu yale zilinganishwe hapa.

Hilo litachukua miaka. La kwetu halihitaji bajeti. Msimu huu wa korosho, ndugu wakikusanyika, nunua kaunta buku, umkalishe bibi, mama mkubwa au mjomba, uandike: mama yako, mama yake, mama wa mama yake, kaka zao, nani alikwenda na hakurudi. Mimi nimeanza. Jina la mama yake bibi nimelipata kwa mzee mmoja wa Mnacho. La kaka yake bado. Kama kuna aliyelisikia, naomba alitaje.