Bwana Kwanini katuachia maswali

  Leo mambo ya wapenzi na mitindo ya nywele tuyape likizo. Nataka niwapeleke kwetu Mpanda nikawaonyeshe mtoto mmoja, mdogo wangu, kitinda mimba wa mama.

Jina lake la ukweli sitaliandika, hilo ni mali ya mama. Mtaani kwetu Makanyagio walimwita Bwana Kwanini. Na si kwa kumsingizia! Mtoto alikuwa akifumbua macho asubuhi anaanza nalo, na usiku mnamfunika shuka bado analo mdomoni. "Dada, kwa nini jogoo hawiki akilala?" Sasa hilo unalijibuje, msomaji wangu? Mimi ndiye niliyembeba mgongoni kwa kanga za mama, kwa hiyo maswali yote yalikuwa yanaanzia sikioni kwangu.

Fundi baiskeli wa jirani alikuwa akimwona tu anaficha spana. Redio ya Mzee aliifungua akitaka kumwona mtangazaji. Kichapo alikipata, halafu machozi hayajakauka anauliza, "Sasa baba, yule mtu anaingilia wapi?" Mzee akacheka mpaka fimbo ikamdondoka. Huyo ndiye Bwana Kwanini. Hata ukimkasirikia, hasira inakuishia njiani.

Swali lake kubwa lilikuwa la treni. Nyumbani unasikia honi, na yeye akiisikia chakula hakiliki tena. Siku moja akamuuliza Mzee, "Kwa nini treni inaishia kwetu? Huko mbele hakuna watu?" Mzee alikuwa anafanya vibarua vya kupakua mizigo stesheni, akamjibu kama anavyojua: reli imeisha, basi. Dogo hakuridhika hata kidogo.

Jibu kamili nimelipata ukubwani. Wajerumani walijenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam ikafika Kigoma mwaka 1914, na Mpanda waliipita mbali kabisa. Baadaye Waingereza wakakuta kwetu kuna madini ya risasi yanayolipa, wakachepusha reli pale Kaliua na kuileta Mpanda, kilomita kama 210 za pori, ikafunguliwa mwaka 1950. Kwa hiyo mdogo wangu, treni haikuja kututafuta sisi. Ilifuata mawe. Mgodi wa wakubwa ukafa, reli ikabaki, na sisi tukaigeuza yetu ya kubebea mahindi, asali na shangazi wanaokwenda misibani Tabora.

Mwaka 2012 alikuwa na miaka mitano. Ndio mwaka Mpanda tulipotolewa mkoa wa Rukwa na kuwa mkoa mpya wa Katavi. Watu mjini wanashangilia, dogo kanuna. "Jana tulikuwa Rukwa, leo tuko Katavi. Mbona hatujahama?" Bibi, aliyekuwa akimwita mume wangu, akamvuta karibu. "Kaa hapa mume wangu nikuambie. Mimi nimekulia mkoa wa Tabora, nimezalia mkoa wa Rukwa, na nitazeekea mkoa wa Katavi. Na kote huko sijatoka Mpanda!" Ni kweli tupu. Mkoa wa Rukwa wenyewe ulianzishwa mwaka 1974, na Mpanda ilikatwa kutoka Tabora. Bibi alihamishwa mikoa mitatu akiwa amekaa kwenye kigoda chake kile kile.

Mwaka huo huo Mzee alitupeleka Sitalike, kama kilomita 35 kutoka mjini, kwenye lango la Hifadhi ya Katavi. Pale mto Katuma unapita, unasimama unawatazama viboko bila kulipa kiingilio. Ilikuwa kiangazi, maji yamekwisha, viboko wamebanana kwenye tope kama abiria wa daladala la jioni. Bwana Kwanini akaanza. "Kwa nini wanabanana?" Mzee akamweleza kwamba maji ya Katuma yanapungua, na huko juu watu wanayachota kumwagilia mpunga. Dogo kanyamaza. Njia nzima kanyamaza, mpaka tukaogopa. Usiku tumekaa kwenye sinia, wali na migebuka kutoka Karema, akainua macho: "Kwa hiyo sisi tunakula maji ya kiboko?"

Hakuna aliyejibu. Mpaka leo wataalamu wa maji na wanyama wanahangaika na hesabu hiyo hiyo, ya mkulima na mnyama kwenye mto mmoja.

Tena akataka kujua kwa nini kiboko anatoka jasho la damu. Hilo nalo nimelitafuta. Wanasayansi wa Japani waliandika mwaka 2004 kwamba yale si jasho na wala si damu. Ni majimaji ya ngozi, yanatoka hayana rangi, yakikaa kidogo yanakuwa mekundu, halafu ya kahawia. Yanamkinga kiboko na jua kali na yanazuia baadhi ya vijidudu visimshambulie kwenye vidonda. Yaani kiboko anatembea na losheni yake mwenyewe! Dogo angelisikia hilo, mtaa mzima usingelala.

Rafiki yake mkubwa alikuwa mtoto wa muuza maharage kutoka Katumba. Kama hujui Katumba, ni makazi waliyopewa Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Wamelima pale, wameoa pale, wamezaa na kuzika pale. Mdogo wangu alisikia wakubwa wakisema "mkimbizi" akataka kujua maana yake. Mama akamwambia ni mtu aliyekimbia vita kwao. Akamtazama mwenzake anayecheza gololi kwa raha zake, akauliza, "Sasa mama, huyu anakimbia mpaka lini?"

Mama alibaki na mwiko mkononi.

Januari 2013 akaanza darasa la kwanza. Alikuwa na miaka sita, sare inamvaa yeye badala ya yeye kuivaa. Mwalimu alimleta nyumbani wiki ya pili, tukajua kuna kesi. Kumbe kaja kumwona mama aliyezaa mtoto wa namna ile!

Aprili, mvua zikiwa zimekolea, akarudi shule analalamika kichwa. Jioni mwili unachemka, usiku akapata degedege. Ninyi mnajua maneno ya watu. Majirani wakasema degedege si ugonjwa wa sindano, ni mdege umempitia, apelekwe kwa mtaalamu. Mama hakuwasikiliza hata mmoja. Alimfunga mgongoni, Mzee akaendesha baiskeli kwenye matope, wakamfikisha hospitali. Lakini malaria ilikuwa imeshapanda kichwani. Alfajiri akatutoka.

Swali la mwisho aliloniuliza mimi lilikuwa la jioni ile, kabla ya degedege. "Dada, mbu aliyeniuma, na yeye anaumwa?"

Sasa nina jibu, mdogo wangu. Aliyekuuma ni mbu jike, dume hanywi damu. Anaitafuta kwa ajili ya mayai yake. Akimuuma mtu mwenye malaria anavibeba vijidudu tumboni, vinakaa kama siku kumi au zaidi, halafu vinahamia kwenye mate yake na kumngoja mtu mwingine. Yeye vinamwacha anaruka tu, homa na kitanda ni vya kwetu.

Na lipo lingine ambalo hukuliuliza, nalijibu kwa ajili ya waliobaki. Malaria inawaua zaidi watoto wa chini ya miaka mitano, kwa sababu miili yao haijajifunza kupambana nayo. Kwetu watu wakishavuka hapo wanasema mtoto kavuka mto. Msomaji, mto hauna upande wa pili. Wa miaka sita anakufa, mama mjamzito anakufa. Homa ya mtoto haisubiri kuche. Kipimo kinatoa jibu ndani ya dakika kama 20, na dawa mseto ipo nchini tangu miaka ya 2006 na 2007. Degedege ni la hospitali, mbio!

Lakini kilichonifanya nishike kalamu si kifo peke yake, ni kimya kilichofuata. Baada ya arobaini nyumba yetu iliacha kumtaja. Sare ikakunjwa chini ya sanduku. Mgeni akiuliza mama ana watoto wangapi, sote tunatazama chini. Bibi hakumwita tena mtu mume wangu. Redio ilikuwa inazungumza peke yake. Tulidhani tunamlinda mama, kumbe tulikuwa tunamzika mtoto wake kila siku.

Mwaka 2014, mwezi wa kumi, tukasikia serikali imewapa uraia Warundi wa mwaka 1972 wapatao 162,000, wa Katumba wakiwemo. Mama alikuwa anachambua mchele. Akasimamisha mikono, akasema kama anaongea na mtu aliyekaa mbele yake, "Umesikia mwanangu? Mwenzio kaacha kukimbia." Halafu akalitaja jina lake lote, na la ubini. Mwaka na nusu tulikuwa hatujalisikia mle ndani. Bibi akalia, halafu akacheka, halafu akaanza kisa cha redio na mtangazaji. Mzee akadakia. Usiku ule hatukulala, kila mtu ana swali lake alilowahi kuulizwa.

Tangu hapo kwetu kuna utaratibu. Atakayepata jibu la Bwana Kwanini anapiga simu nyumbani. Mimi nilipeleka la treni na la kiboko. La jogoo bado tunagombana. Na mgeni akimuuliza mama ana watoto wangapi, anawahesabu wote, akifika kwa yule wa mwisho anasema, "Na huyu alikuwa anauliza sana."

Sasa ninyi vijana wenzangu, najua mnavyoishi mjini. Umerudi umechoka, foleni imekutoa roho, mtoto wa dada anakuuliza kwa nini mwezi unakufuata, wewe unamwambia "toka hapa, nenda kacheze." Au unamtupia simu aangalie katuni. Jamani, mjibu! Kama hujui, mwambie tutafute wote. Mtoto anayeuliza hajakosa adabu, anakuamini wewe kwamba unaijua dunia. Wangapi wanakuamini hivyo siku hizi?

Na wewe mwenye nyumba iliyonyamaza, uliyempoteza mdogo wako au mwanao, usiogope jina lake. Litaje mezani. Mama yake hajamsahau hata dakika moja, anangoja tu mtu mwingine aanze.

Nawatakia wiki njema, mlale ndani ya chandarua. Mwenye jibu la jogoo alitume hapa ofisini, mama analisubiri. Tukijaliwa, wiki ijayo tunarudi kwa wapenzi wenu wanaowasumbua.