Chandarua chenye dawa: ni uvumbuzi au ni jambo la wazi?

Chandarua unachotundika hapa Makindu mvua za Novemba zinapokaribia huenda kina dawa ndani ya uzi wenyewe. Dawa ilichanganywa na plastiki kabla uzi haujasokotwa. Je, aliyebuni jambo hilo alistahili hataza, yaani haki ya kulitumia peke yake kwa miaka 20?

Usidhani hayo ni ya mawakili tu. Uchunguzi wa Kilifi uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kuwa vyandarua vilivyochovywa dawa vilipunguza vifo vya watoto kwa asilimia 33. Mwenye hataza ndiye anayeamua nani atengeneze, na bei hufuata hapo.

Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya mwaka 2001 yataka uvumbuzi usiwe jambo ambalo fundi wa kazi hiyo angeliona wazi kutokana na yaliyokwisha kujulikana. Sasa pima. Plastiki ilijulikana. Permethrini, jamaa ya dawa ya pareto, ilipatikana Uingereza mwaka 1973. Kuchovya vyandarua kulijulikana tangu miaka ya 1980. Basi wengi watasema kuunganisha hayo si kazi.

Lakini ukiona vyaelea, vimeundwa. Majibu ya maabara yakishafika, kila mtu husema ugonjwa ulikuwa wazi. Dawa iliyomo ndani ya uzi lazima istahimili joto la kuyeyusha plastiki, kisha ijitokeze polepole hata baada ya kufuliwa mara nyingi. Swali la haki ni hili: siku ombi lilipowasilishwa, je, fundi angejaribu njia hiyo akitarajia kufaulu?

Maoni yangu ni kwamba aliyetatua ugumu huo alipwe. Lakini anayebadili kipimo cha dawa au unene wa uzi tu, kisha adai miaka 20 mingine, anyimwe, ila akionyesha kwa majaribio faida ambayo haikutarajiwa.

Kampuni ya Sumitomo Chemical ya Japani iliwapa A to Z wa Arusha ujuzi wake bila malipo, wakaanza kutengeneza mwaka 2003. Hiyo ni fadhila, nasi hatuwezi kujenga afya juu ya fadhila. Hapa Kenya, mwenye masilahi aweza kuomba hataza ifutwe ndani ya miezi 9 tangu itangazwe. Wenye viwanda wetu wasiipitishe nafasi hiyo.

Nawe msomaji, usiku wa leo lala ndani ya chandarua.