Tafakari ya Juma: Kanisa la Kale na Kielelezo cha Kompyuta



Wapendwa Taifa la Mungu, katika parokia zilizozaliwa na misioni za kale, swali moja hurudi mara kwa mara mbele ya Halmashauri ya Walei: tulifanyie nini kanisa la zamani, ambalo limekuwa dogo kwa waamini wa leo na kuta zake zimeanza kupasuka? Wapo wanaojibu kwamba enzi hizi neno hilo si gumu tena. Vipimo vichukuliwe, kielelezo kiundwe katika kompyuta, kisha kuta zibomolewe, kwa kuwa atakayetaka kuliona kanisa la babu zake ataliona katika kioo. Sisi twaona kwamba nusu ya jibu hilo ni hekima, na nusu yake ni hatari.

Hekima yake tuikiri kwanza. Kanisa halikuanza leo kuzijenga upya mandhari za kale. Mwaka 1223, kule Greccio nchini Italia, Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliandaa hori, nyasi, ng'ombe na punda, ili watu wa kijiji waione Bethlehemu kwa macho yao. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, katika Mazoezi ya Kiroho yaliyoidhinishwa mwaka 1548, anamtaka mwenye kusali aitazame kwa akili njia itokayo Nazareti, urefu wake na upana wake, kama ni tambarare au yapita mabondeni. Na Njia ya Msalaba tunayoisali kila Ijumaa ya Kwaresima, ambayo Papa Klementi XII aliithibitishia vituo 14 mwaka 1731, ni nini kama si barabara za Yerusalemu zilizoletwa katika kuta za kanisa letu?

Wataalamu wa leo wamepiga hatua nyingine. Huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, Profesa John Wall na wenzake waliunda kwa kompyuta uwanja wa Kanisa Kuu la kale la Mtakatifu Paulo la London, mahali palipoitwa Paul's Cross, ambapo mahubiri yalitolewa nje mbele ya umati. Mimbari ile ilibomolewa katika karne ya 17, na kanisa lenyewe liliteketea katika moto mkuu wa mwaka 1666. Wao walikusanya michoro ya zamani na vipimo vya misingi, wakakadiria jinsi sauti ilivyogonga kuta na kurudi, kisha mwigizaji akasoma mahubiri ya John Donne ya tarehe 5 Novemba 1622. Msikilizaji aweza kuchagua asimame karibu na mimbari au mbali, kati ya watu wachache au maelfu, huku kengele zikilia na ndege wakipita. Hivyo lile swali la kale, kama mtu wa nyuma alisikia kitu, limepata njia ya kuchunguzwa. Kwetu sisi tunaohubiri, hilo si jambo dogo.

Lakini tazameni jambo hili. Mahubiri yale yalikusudiwa kutolewa uwanjani, ila siku ile hali ya hewa ilikuwa mbaya, nayo yakatolewa ndani ya kanisa. Kwa hiyo kielelezo chatusikilizisha tukio ambalo, pale uwanjani, halikutokea. Hatusemi hivyo kwa kuwabeza wataalamu. Twasema ili tufahamu kwamba kielelezo ni makadirio ya mwenye elimu, wala si ushahidi wa aliyekuwapo.

Tena, siku ile ilikuwa kumbukumbu ya njama ya baruti ya mwaka 1605, iliyopangwa na Wakatoliki wachache dhidi ya mfalme na bunge, na kwa sababu yake Wakatoliki wote wa Uingereza walibebeshwa sheria nzito. Donne mwenyewe alizaliwa katika familia ya Kikatoliki kabla ya kujiunga na Kanisa la Uingereza. Kompyuta yaweza kupima sauti yake ilifika hatua ngapi. Haiwezi kutuambia Mkatoliki aliyejificha kati ya wasikilizaji aliyapokea maneno yale kwa moyo gani. Hilo hupokelewa kwa masimulizi ya watu, nayo yasipoandikwa huzikwa pamoja nao.

Hapa kwetu Afrika Mashariki, mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town ulipima magofu ya Kilwa Kisiwani kwa miale ya leza. Magofu hayo yaliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na kati ya mwaka 2004 na 2014 yalihesabiwa na UNESCO kuwa urithi ulio hatarini, bahari ikiwa mojawapo ya maadui wake. Je, baada ya kuyapima watu waliyaacha yaliwe na mawimbi? La. Kuta ziliendelea kukarabatiwa. Vipimo vilikuja kuzisaidia kuta, havikuja kuwa cheti cha kuzizika.

Basi msimamo wetu ni huu. Kanisa la kale lipimwe na kupigwa picha mapema, kabla ya ufa kuwa mkubwa, na vijana wetu wenye ujuzi wa kompyuta waitwe kwa kazi hiyo. Pamoja na vipimo, wazee wa jumuiya ndogondogo waulizwe: nani alichoma matofali, nani alibeba mawe, wanawake walikaa upande gani, wimbo gani uliimbwa siku ya kutabarukiwa. Lakini kuta zinazoweza kutengenezwa zitengenezwe, hata kama zitabaki kikanisa cha kuabudu Ekaristi. Tukilazimika kubomoa kwa usalama wa watu, tubomoe kwa huzuni, wala tusijifariji kwamba tumebaki na kanisa ndani ya mashine.

Maana Neno alitwaa mwili, akakaa kwetu. Sakramenti hutaka maji, mafuta, mkate na mtu aliyepo. Mjukuu anayeshika kisima cha ubatizo alimobatiziwa bibi yake hupokea kitu ambacho kioo hakina.

Bwana awabariki nyote, na awape juma jema.