Mwanya sawa, pengo je?

Hebu leo tuongee meno. Najua mlizoea humu tunaongelea simu za usiku na mawifi, lakini barua iliyonifikia kutoka Isevya, pale Tabora mjini, imenifanya niweke hayo pembeni kwanza.

Mwandishi ni dada wa miaka 28, mfanyakazi wa ofisini. Mchumba wake ni mwalimu. Miaka miwili iliyopita kaka wa watu alianguka na bodaboda, na jino moja la mbele, la juu, likaenda. Tangu siku hiyo hapigi picha, akicheka anaziba mdomo kwa kiganja, na mkiongea naye anatazama pembeni. Dada anasema kwa miezi kadhaa aliamini amechokwa, kumbe mwenzake anaficha pengo. Sasa jamaa kasikia habari za jino la kupandikiza, anataka wachukue akiba yao ya kiwanja akatengenezewe kabla ya harusi, ambayo imebaki miezi minne. Dada anauliza: hii siyo anasa jamani?

Nianze na hilo la anasa. Sisi Waswahili tuna maneno mawili kwa uwazi wa mdomoni na hayafanani hata kidogo. Mwanya ni sifa. Msichana mwenye mwanya anaimbiwa. Pengo ni utani. Na Tabora kwenyewe jambo hili lina historia: wasafiri wa karne ya 19 waliopita njia ya misafara waliwakuta Wanyamwezi wakichonga ncha za ndani za meno mawili ya mbele ya juu ili wapate mwanya. Watu walivumilia maumivu yale, bila ganzi, kwa ajili ya tabasamu. (Na ile biashara iliyoujaza mji misafara, pembe za ndovu, ni meno vilevile, pembe ya tembo ni jino lake la mbele lililorefuka.) Kwa hiyo dada, mwenzako kutaka mdomo wake urudi si kujidai. Mtu anayeogopa kucheka nyumbani kwake ana shida ya kweli.

Ila kuna kutaka, na kuna kukimbilia.

Jino la kupandikiza ni nini hasa? Daktari anachimbia skrubu ndogo ya titani ndani ya mfupa wa taya, pale mzizi ulipokuwa. Mfupa wenyewe unaishika ile skrubu na kuwa kitu kimoja nayo. Jambo hili aligundua Msweden Per-Ingvar Brånemark miaka ya 1950 alipokuwa akichunguza mifupa ya sungura: vifaa vyake vya titani vikagoma kutoka. Mwaka 1965 akamwekea mgonjwa wa kwanza, Gösta Larsson, naye akaishi na meno yale hadi alipofariki mwaka 2006. Miaka 40! Wengine wanaliita kipandikizi, ila ukitamka hivyo mbele ya mama mkwe atadhani mnaongelea uzazi wa mpango.

Sasa sikiliza sehemu ambayo haiko kwenye matangazo. Skrubu ikishawekwa, kwa kawaida mnasubiri miezi mitatu hadi sita mfupa ushike, ndipo jino lenyewe lifungwe juu yake. Tena jino liking'oka, mfupa uliobaki hunywea. Karibu nusu ya upana wake unaweza kupotea mwaka wa kwanza tu. Kaka ana miaka miwili. Huenda akahitaji kuongezewa mfupa kwanza, na hapo muda na bei vinapanda. Kwa hiyo ile hesabu ya harusi baada ya miezi minne, mimi siioni.

Kuna na sigara. Najua naongea na watu wa mkoa unaolima tumbaku, msinichukie. Mvutaji anaponya vidonda vya mdomo polepole na skrubu yake ina nafasi kubwa zaidi ya kugoma kushika. Kisukari kisichodhibitiwa kadhalika. Na fizi zinazotoka damu zitibiwe kwanza. Kwa mtu mwenye afya, anayepiga mswaki sawasawa, zaidi ya vipandikizi tisa kati ya kumi huwa bado vipo baada ya miaka kumi.

Njia nyingine zipo. Jino la bandia la plastiki, lile la kuvaa na kuvua, ndilo rahisi kuliko yote kwa bei. Linakera mwanzoni, ulimi unalichokonoa, lakini picha linapiga vizuri tu. Daraja nalo halivuliwi, linashikiliwa na meno ya jirani, ila lazima meno hayo yachongwe. Kama ni mazima kabisa, mimi ningefikiri mara mbili.

Halafu pesa. Upasuaji huu unapatikana zaidi kwenye miji mikubwa, kwa hiyo weka nauli na malazi ya safari zaidi ya moja. Mkiambiwa bei, ulizeni: ni ya skrubu peke yake, au na jino la juu yake na eksirei? Wengi hunaswa hapo. Ulizeni pia bima yenu kabla ya kugusa akiba. Na akiba ya wawili haiguswi na mmoja, hata kama mdomo ni wake.

Basi dada yangu wa Isevya, ningekuwa mimi ningefanya hivi. Wiki hii nendeni wote wawili kwa daktari wa meno, Kitete au kwingineko hapo mjini, akapige eksirei na kuangalia mfupa. Harusini kaka avae jino la bandia, kiwanja mnunue, na kipandikizi mkipangie bajeti yake mwakani kama mfupa unaruhusu. Na usiku wa leo, kabla ya daktari, mwambie ulivyodhani amekuchoka. Nadhani hajui.