Uchambuzi: Kauri inayomeza moshi wa dizeli, na kwa nini inatuhusu Rumonge

Anayesimama asubuhi kando ya Barabara ya Taifa Nambari 3, pale inapoingia Rumonge ikitokea Bujumbura, huona mambo mawili kwa pamoja. Upande wa magharibi Ziwa Tanganyika limetulia. Upande wa barabara malori yaliyobeba mawese, muhogo na ndagala yanaondoka kwa kishindo, na nyuma ya kila lori hubaki wingu jeusi linaloshuka taratibu juu ya meza za wachuuzi na juu ya watoto wanaokwenda shule. Wingu hilo tumelizoea kiasi kwamba hatulioni tena.

Katika miji ya Ulaya wingu kama hilo limekuwa nadra. Injini za dizeli hazikuondoka huko; malori na mabasi yangali yanazitumia kwa wingi. Kilichobadilika ni kipande cha kauri kilichofungwa ndani ya bomba la moshi, ambacho hunasa masizi kabla hayajafika hewani. Magari hayohayo, yakishachakaa na kuvuka bahari, hufika kwetu yakitoa moshi. Basi swali la uchambuzi huu ni jepesi kuuliza: ile kauri imekwenda wapi, na je, ikirudishwa itafanya kazi hapa?

Kwa Kifaransa kifaa hicho huitwa kwa jina lenye maana ya kichujio cha chembe. Katika chumba chetu cha habari, ambako kila siku tunahamisha habari kutoka lugha moja hadi nyingine, tumeona ni sahihi zaidi kukiita chujio la masizi, kwa kuwa kila mpishi anayajua masizi, na hayo hasa ndiyo kinachoyazuia.

Udongo uliookwa kwa hesabu

Ufinyanzi si jambo geni Burundi. Kwa vizazi vingi wafinyanzi wa jamii ya Batwa ndio waliozipatia kaya nyingi vyungu vyake, na kila aliyewahi kubeba maji katika chungu anajua kwamba udongo uliookwa hupenyeza: nje ya chungu hutoka jasho, na maji ya ndani hupoa. Udongo huo una vinyweleo. Chujio la masizi limejengwa juu ya sifa hiyohiyo, ila vinyweleo vyake vimepangwa kwa vipimo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti watatu wa kampuni ya Corning ya Marekani, Rodney Bagley, Irwin Lachman na Ronald Lewis, walitengeneza kauri yenye umbo la sega la nyuki kwa ajili ya kusafisha moshi wa magari ya petroli. Mata waliyoitumia huitwa kodieriti, mchanganyiko wa magnesi, alumini na silika. Ubora wake mkubwa ni kwamba haitanuki sana inapopata joto. Chungu cha kawaida kikitolewa motoni na kumwagiwa maji baridi hupasuka. Kodieriti huvumilia mabadiliko makali ya joto, na huanza kuyeyuka inapokaribia nyuzi 1,450 za Selsiasi. Watengenezaji wengine, hasa wa Japani, walichagua kabidi ya silikoni, ambayo huvumilia joto kubwa zaidi ingawa ni nzito na ghali.

Kwa injini ya dizeli sega hilo lilifanyiwa badiliko moja. Mifereji yake midogo huzibwa kwa zamu: mmoja huzibwa mbele, jirani yake huzibwa nyuma. Moshi unaoingia katika mfereji hukuta mwisho umefungwa, hivyo hulazimika kupita katikati ya ukuta wa kauri ili utokee mfereji wa pili. Gesi hupita, masizi hubaki. Vinyweleo vya ukuta huo vina upana wa mikromita kumi hadi ishirini hivi, na chujio zima hunasa zaidi ya asilimia 90 ya uzito wa masizi.

Mercedes-Benz ilijaribu chujio la aina hii katika baadhi ya magari yaliyouzwa California mwaka 1985, lakini gari lililofungua njia ni Peugeot 607, mwaka 2000. Tangu kiwango cha Ulaya kiitwacho Euro 5 kilipoanza kutumika mwaka 2009, gari dogo la dizeli haliruhusiwi kutoa zaidi ya miligramu 5 za chembe kwa kilomita, ilhali kiwango kilichotangulia, Euro 4, kiliruhusu miligramu 25. Bila chujio, kiwango hicho kipya hakifikiki kwa urahisi.

Kwa nini masizi haya yaogopwe

Mwezi Juni 2012, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani kwa binadamu, na kuuweka katika kundi moja na tumbaku na asbesto. Chembe za masizi ya dizeli nyingi ni ndogo kuliko mikromita moja, wakati unywele wa binadamu una upana wa mikromita 70 hivi. Vumbi la barabarani hunaswa puani na kooni. Chembe hizi hushuka hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia katika damu na kuathiri moyo.

Anayeathirika zaidi si yule aliye ndani ya gari, madirisha yakiwa yamefungwa. Ni fundi wa garaji, ni kijana anayepakia mizigo gari likiwa linanguruma, ni mama aliyetandaza bidhaa zake hatua tatu kutoka barabarani, ni mtu anayeendesha mashine ya kusaga muhogo ndani ya kibanda kisicho na dirisha. Hao ndio watu wa Rumonge.

Chujio lenye njaa ya joto

Kila kichujio hujaa. Hili limepewa namna ya kujisafisha: masizi ni kaboni, na kaboni huungua. Moshi ukifikia joto la nyuzi 600 hivi, masizi yaliyonaswa hugeuka gesi na chujio likawa wazi tena. Vichujio vingi hupakwa madini kama platini ili uunguaji huo uanze katika joto dogo zaidi. Lakini joto hilo hupatikana gari likienda mwendo wa kutosha kwa muda. Gari linalosimama kila baada ya mita mia tano, au linalonguruma saa nzima mahali pamoja, halifikishi joto. Masizi hulundikana, taa ya onyo huwaka, na injini hupoteza nguvu.

Hapa ndipo barabara inapokuwa sehemu ya chujio. Kutoka Bujumbura hadi Rumonge ni kilomita zipatazo 70 kandokando ya ziwa, kupitia Kabezi na Gitaza. Barabara ikiwa laini, safari hiyo inatosha kabisa kusafisha chujio. Ikiwa na mashimo na visimamo visivyokwisha, haitoshi. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za kukarabati kilomita 45 kati ya Rumonge na Gitaza, katika mradi mmoja na barabara ya Kabingo, Kasulu na Manyovu upande wa Tanzania. Mradi huo ulielezwa kwa lugha ya biashara na usafirishaji. Ni haki uhesabiwe pia kwa lugha ya mapafu.

Mafuta ndiyo kiini

Hata hivyo barabara nzuri haitoshi kama dizeli, au mazutu kama wengi wetu tunavyoiita, ni chafu. Adui wa chujio ni salfa. Salfa hudhoofisha madini yaliyopakwa juu ya kauri, na yenyewe hugeuka chembe mpya. Ulaya imeiwekea dizeli kikomo cha sehemu 10 za salfa katika milioni, Marekani 15. Nchi tano za Jumuiya ya Afrika Mashariki za wakati huo, Burundi ikiwa mojawapo, zilikubaliana kwamba kuanzia Januari 2015 dizeli isizidi sehemu 50. Ilikuwa hatua kubwa: katika lita 1,000 za dizeli ya kiwango hicho kuna gramu 42 hivi za salfa, lakini katika dizeli ya zamani ya sehemu 500 kulikuwa na gramu 420.

Tatizo ni kwamba kiwango hulinda mafuta yanayopita katika mlango unaojulikana. Burundi imepita katika miaka ya uhaba mkali wa mafuta. Foleni za vituo vya mafuta zikawa sehemu ya maisha, na pale pampu zilipokauka, madumu yalichukua nafasi yake. Mafuta ya dumu hayana cheti. Yanaweza kuwa dizeli safi, yanaweza kuwa yamechanganywa na mafuta ya taa, yanaweza kuwa yamelala miezi kadhaa na kuingia maji. Injini ya zamani itayameza na kukohoa. Chujio la masizi halina uvumilivu huo.

Kwa hiyo uhaba wa mafuta, ambao tumekuwa tukiutangaza kama habari ya nauli na bei ya bidhaa, ni habari ya afya vilevile. Kila mara soko halali linapofungwa, kiwango cha sehemu 50 hubaki karatasini.

Safari ya gari kuukuu

Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba kati ya 2015 na 2018, magari madogo milioni 14 yaliyokwishatumika yaliuzwa nje kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na takribani asilimia 40 yalikuja Afrika. Uchunguzi uliofanywa Uholanzi wakati huo uligundua kwamba mengi yaliyokuwa yakipelekwa Afrika hayakuwa na cheti halali cha usalama na hayakufikia hata Euro 4.

Magari ya zamani kiasi hicho huenda hayakuwahi kuwa na chujio. Lakini kadiri miaka inavyosonga, yanayofika ni yale yaliyotengenezwa nalo. Na hapo huanza desturi inayojulikana katika garaji nyingi za Afrika Mashariki: chujio likiziba, hukatwa, kauri hutolewa ndani, ganda la chuma huchomelewa tena mahali pake, na kompyuta ya gari hudanganywa isilitafute. Kwa nje huoni tofauti. Huko Ulaya nako udanganyifu huo umekuwepo. Uingereza ililazimika mwaka 2014 kuagiza kwamba gari lililotoka kiwandani na chujio likikutwa halina, lifeli ukaguzi.

Si haki kumlaumu fundi peke yake. Chujio jipya linaweza kugharimu sehemu kubwa ya thamani ya gari kuukuu lenyewe, na mwenye gari anataka kufika Nyanza-Lac kabla ya jioni. Tunaloweza kusema ni kwamba gharama haikufutika. Imehamishwa kutoka mfuko wa mwenye gari kwenda kifua cha mpita njia.

Je, si anasa?

Wapo watakaosema kwamba hili ni jambo la nchi tajiri. Hoja yao ina uzito. Karibu kaya zote za Burundi hupika kwa kuni au makaa, na moshi wa jikoni huwadhuru akina mama na watoto wachanga kuliko lori lolote. Mashine za kusaga na jenereta, ambazo hazijawahi kuwa na chujio, nazo zipo mlangoni petu. Ukiwa na faranga chache, anzia jikoni.

Lakini hoja hiyo inahusu wapi pa kuanzia; haituambii tuyaache mengine. Jiko bora halihitaji idhini ya forodha, gari linaihitaji. Kwa gari, serikali ina mlango mmoja ambao linapitia, na siku moja tu ya kuamua. Ikipita siku hiyo, gari litakuwa barabarani miaka ishirini. Tena, mjadala wa kanda kuhusu magari yanayoingizwa umekuwa ukizunguka Euro 4, nasi tumeona kwamba Euro 4 huweza kutimizwa bila chujio. Anayedhani kiwango hicho kitaondoa wingu jeusi Rumonge atangoja bure.

Utaratibu wa busara unaanza na mafuta: bila dizeli safi inayopatikana kwa uhakika, chujio ni hasara. Pili ni ukaguzi unaotazama ndani ya bomba, kwa kuwa karatasi za gari hazioni masizi. Tatu ni mabasi na malori yanayosafiri njia ndefu, ambako joto linatosha na faida kwa umma ni kubwa. Magari madogo ya mjini yaje baadaye.

Kwa msikilizaji anayetaka kununua gari la dizeli, jaribio ni rahisi. Injini ikiwa imezimwa na bomba limepoa, pitisha kitambaa cheupe ndani ya mdomo wa bomba la moshi. Gari lenye chujio zima huacha kitambaa karibu safi. Kikitoka cheusi tititi kwenye gari lililotoka kiwandani na chujio, basi chujio limepasuka au halipo, na muuzaji anastahili kuulizwa. Na ukilikuta zima, usikubali lioshwe kwa maji ya kasi: kauri iliyovumilia moto wa miaka mingi huweza kuharibiwa na mpira wa maji kwa dakika tano.

Lori la mawese litaondoka tena kesho asubuhi. Wachuuzi watahamisha meza zao hatua moja nyuma, kama walivyozoea. Kwa sasa, hatua hiyo moja ndiyo chujio pekee walilo nalo.